Stepla nzito ya mezani: ya mpini mrefu, ya kubonyeza kirahisi au ya umeme?

Stepla ndogo ya mezani inaishia karatasi 20 hadi 30. Ukiitia 45, mpini utashuka vizuri tu, lakini geuza bunda uone: mguu mmoja wa pini umejikunja katikati ya karatasi, mwingine umetokeza ncha tu, na karatasi tano za chini hazijashikwa na chochote. Anayebana ripoti, majalada ya kesi, mikataba au vitini vinene anahitaji mashine ya daraja jingine. Katika daraja hilo kuna aina tatu zinazowachanganya wanunuzi: ya mpini mrefu inayotegemea nguvu za mkono, ya kubonyeza kirahisi yenye wenzo wa ziada ndani, na ya umeme. Ukisoma boksi tu utadhani zinafanya kazi ileile. Zikiwekwa mezani zinatofautiana mapema sana.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

Anza na unene wa bunda, na uuhesabu kwa milimita. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 (kwa mita moja ya mraba) ina unene wa karibu milimita 0.1. Kwa hiyo karatasi 100 ni kama sentimita 1, na rimu nzima ya karatasi 500 ni kama sentimita 5. Jalada la kadi ya gramu 250 linakula nafasi ya karatasi tatu hivi. Uwezo unaoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni wa karatasi mpya za gramu 80 zilizolala bapa. Karatasi zilizotoka kwenye fotokopi zikiwa zimejipinda, au zilizokwisha kupekuliwa na watu kumi, zina hewa katikati. Kwa bunda la namna hiyo ni busara kupunguza karatasi kumi katika kila mia unayoahidiwa.

Jambo la pili ni pini, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wananunua mashine kwanza na pini baadaye. Pini huandikwa namba mbili, mfano 24/6. Ya kwanza inahusu waya, ya pili ni urefu wa mguu kwa milimita. Namba ya waya inakwenda kinyume na unavyotarajia: 26 ni nyembamba kuliko 24, na 24 ni nyembamba kuliko 23. Stepla ndogo hula 24/6 au 26/6. Stepla nzito nyingi hula familia ya 23, yaani 23/8, 23/10, 23/13, 23/15, 23/17, 23/20 na kuendelea hadi 23/24.

Mguu wa pini lazima uvuke bunda lote, kisha ubaki na milimita 3 hivi za kukunjwa kwa nyuma. Ukitaka kujua pini fulani inabeba karatasi ngapi, chukua urefu wa mguu, toa 3, zidisha kwa 10. Pini ya 23/8 inatosha karatasi 50, ya 23/10 karatasi 70, ya 23/13 karatasi 100, ya 23/20 karatasi 170, na ya 23/24 karatasi 210. Boksi likikuahidi karatasi 240 kwa mguu wa milimita 24, jiulize ni nini kitakachobaki cha kukunja.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana, nalo ni mguu kuwa mrefu kupita kiasi. Mgongo wa pini hizi, yaani sehemu inayounganisha miguu miwili, una upana wa milimita 13 hivi, kwa hiyo kila mguu ukikunjwa kuelekea ndani una nafasi ya milimita 6 tu kabla ya kukutana na mwenzake. Tia pini ya 23/13 kwenye karatasi 30: milimita 3 zinazama kwenye karatasi, 10 zinabaki kila upande. Miguu inapishana, ncha moja inarudi juu na kutoboa ukurasa wa mwisho, au inachomoza pembeni na kumngoja mtu atakayepitisha kidole. Mashine yenye uwezo wa karatasi 200 haibani karatasi 20 vizuri mpaka ubadilishe pini. Ukinunua stepla moja kubwa kwa matumaini ya kustaafisha ile ndogo, utajikuta unafungua reli (mfereji zinamokaa pini) na kubadilisha pini siku nzima.

Uchovu wa mkono unategemea idadi ya mabunda kuliko unene wake. Mtu mzima mwenye afya anaweza kubana bunda moja la karatasi 150 bila shida. Kubana mabunda 80 ya aina hiyo mfululizo ni habari nyingine.

Pima pia kina cha mdomo, yaani umbali kutoka pini inapotokea hadi ukuta wa nyuma wa mashine. Kubana kona hakuhitaji kina. Kubana pembeni kwa mstari, pini mbili au tatu kwenye ukingo wa kushoto, kunahitaji sentimita chache tu. Kubana kijitabu katikati ya mkunjo kunahitaji mkono mrefu wa aina yake, na hakuna kati ya hizi tatu inayofaa kwa kazi hiyo. Mwisho, uliza mashine inakunja vipi kwa nyuma. Mkunjo wa kawaida huacha miguu ikiwa na tumbo, na mkunjo bapa huilaza kabisa. Kwa bunda moja tofauti ni ndogo. Weka mabunda 30 kwenye boksi moja, kona zote upande mmoja, na rundo litainama upande wa pini.

Stepla ya mpini mrefu

*Uwezo na pini.* Aina hii ndiyo yenye uwezo mkubwa kuliko zote: karatasi 100 kwa ndogo zake, zaidi ya 200 kwa kubwa. Hula familia ya 23, na zile kubwa hupokea karibu kila urefu wa mguu. Usidhani zote zinapokea zote. Mashine iliyoundwa kwa 23/13 ina reli fupi kwa kimo, na pini ya 23/20 haitaingia. Orodha ya pini zinazokubalika mara nyingi imechapwa au kubandikwa kwenye mwili wa mashine au chini ya kitako. Isome kabla ya kulipa.

*Nguvu na kasi.* Mpini huwa na sentimita 25 hadi 30 au zaidi, na nguvu yote inatoka kwako. Kwa karatasi 60 unabonyeza ukiwa umeketi. Kwa karatasi 150 unasimama, unaweka viganja vyote viwili mwishoni mwa mpini, unashuka na uzito wa kifua. Meza iwe chini ya kiwiko na isicheze, maana meza inayobonyea inakula nguvu iliyokusudiwa kwa pini. Sukuma kwa mkupuo mmoja mpaka mpini ugote. Ukisita katikati ya njia, mguu uliokwishaingia unapoteza mwelekeo na kujipinda ndani ya karatasi, na kusukuma tena kwa nguvu zaidi hakutaunyoosha.

*Mpangilio.* Nyingi zina kizuizi cha karatasi kinachoteleza na kukazwa kwa skrubu. Kiweke mara moja na kila bunda litapigwa pini umbali uleule kutoka ukingoni. Kuna jambo dogo linaloharibu kazi nyingi: kitako cha mashine kimeinuka juu ya meza, kwa hiyo sehemu ya bunda iliyo nje inaning'inia, karatasi zinateleza juu ya zenzake, na unapata ukingo wa ngazi. Weka kitabu au rimu chache za karatasi zenye kimo sawa na kitako ili bunda lilale usawa mmoja.

*Inapoharibika.* Sehemu mbili ndizo huchoka. Ulimi wa chuma unaosukuma pini hulika ncha, na ukishalika huteleza juu ya mgongo wa pini au hukamata pini mbili kwa pamoja. Bamba la kukunjia lililo chini, lenye vijishimo viwili, huchimbika au husogea, na dalili yake ni mguu mmoja kukunjwa ndani na mwingine kukimbilia nje. Zote mbili ni vipuri rahisi kubadilisha kwa bisibisi, ikiwa muuzaji anavyo. Zaidi ya hapo ni chuma na springi tu, hakuna kingine cha kufa.

*Inamfaa nani.* Ofisi yenye mabunda manene lakini si mengi kwa siku, mtu anayebana unene tofauti na yuko tayari kuweka boksi tatu za pini, na mahali umeme usipotabirika. Haimfai mwenye maumivu ya kiganja, kifundo au bega.

Stepla ya kubonyeza kirahisi

*Uwezo na pini.* Nyingi zinaishia karatasi 40 hadi 60. Zipo zinazofika 80 hadi 100, na ni kubwa kwa umbo. Baadhi hula 24/8 ya kawaida, nyingine zinadai pini za muundo wao. Kama ni za muundo wao, hakikisha unaweza kuzipata mwaka ujao, si leo tu. Wapo watengenezaji waliotatua suala la urefu wa mguu kwa namna nzuri: mashine inakata ziada ya mguu kabla ya kuukunja, hivyo pini moja inabana karatasi chache na nyingi vilevile. Mabaki yaliyokatwa hukusanyika kwenye kijisanduku ambacho lazima kimwagwe. Kikijaa, vipande vinarudi kwenye njia na mashine inagoma, na mtumiaji analaumu pini.

*Nguvu na kasi.* Ndani kuna wenzo wa pili unaogawa kazi, au springi inayojikaza unapobonyeza kisha kufyatuka yenyewe mwishoni. Aina ya wenzo inakudai uende mbali zaidi kwa mkono ili utumie nguvu kidogo, na ni tulivu. Aina ya springi inapiga kwa kishindo, na pini inaingia kwa kasi, jambo linalosaidia mguu kubaki wima. Zote mbili mtu anazitumia akiwa ameketi, kwa mkono mmoja, saa nzima. Kwa kazi ya mabunda ya karatasi 30 hadi 50, hakuna inayochosha kidogo kiasi hiki kati ya zile zisizo za umeme.

*Mpangilio.* Hapa ni dhaifu. Nyingi hazina kizuizi cha karatasi, kina cha mdomo ni cha kawaida, na mpangilio unategemea jicho lako. Kwa pini ya kona si tatizo. Kwa pini tatu kwenye ukingo utahitaji kuchora alama ya penseli kwenye meza au kubandika kipande cha utepe kwenye kitako.

*Inapoharibika.* Wingi wa vipande ndio gharama yake. Ekseli, yaani kijiti cha chuma ambacho wenzo unazungukia, ikilegea au springi kuu ikichoka, mpini unabaki chini au unarudi nusu, na aghalabu mwili umefungwa kwa ribiti badala ya skrubu. Fundi wa kawaida hatafika mbali. Kitu kinachoziua haraka ni kulazimishwa: karatasi 70 kwenye mashine ya 50. Wepesi wa mpini unamdanganya mtumiaji asihisi kwamba amepita kiasi, wakati ile ya mpini mrefu ingemwambia mapema kwa kugoma.

*Inamfaa nani.* Mtu mmoja anayebana siku nzima unene wa wastani, dawati la mapokezi ambako watu wa kila umri wanashika stepla ileile, na mwenye viungo vinavyouma.

Stepla ya umeme

*Uwezo na pini.* Wengi hudhani ya umeme ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kwa mashine za mezani si hivyo. Nyingi zinaishia karatasi 20 hadi 50 au 70, chache zinafika 100, na bunda la karatasi 180 bado ni kazi ya mpini mrefu. Baadhi hupokea pini za kawaida kwenye reli. Nyingine hula kaseti yenye maelfu ya pini, raha tupu ikiwa imejaa na kero ikiisha siku ambayo huna nyingine.

*Nguvu na kasi.* Unaingiza bunda, sensa inagusa ukingo, pini inapigwa. Hakuna mashine ya mkono inayoifikia hapa. Lakini mota ndogo inapata joto, na maelekezo ya mashine hutaja kiasi cha kupiga kabla ya kupumzika; ukipuuza, ama inajizima yenyewe ama mota inaungua. Baadhi zina kitufe cha kurekebisha nguvu. Kikiwekwa juu kwa karatasi 5, mgongo wa pini unakata ukurasa wa kwanza. Kikiwekwa chini kwa 50, pini inasimama nusu njia.

*Mpangilio.* Ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa kina kinawekwa kwa kitelezi na sensa haichoki. Ila sensa husoma ukingo wa kwanza unaofika. Karatasi moja ikitangulia wenzake kwa milimita 4, itapigwa yenyewe au nyingine zitashikwa ukingoni kabisa. Gonga bunda mezani pande mbili kabla ya kuingiza, lishike imara, na usilivute mpaka usikie ulimi umerudi. Kulisogeza mapema ndiko kunakozaa pini mbili mahali pamoja.

*Inapoharibika.* Vumbi la karatasi hufunika sensa, na mashine inapiga bila karatasi au haipigi kabisa. Brashi laini inatosha. Pini ikikwama ndani ya kaseti, kuiondoa ni rahisi: unatoa kaseti, unafungua kinywa chake, unaondoa pini ya kwanza. Kuharibika kwa gia au bodi kwa kawaida ni mwisho wa mashine. Chomoa plagi kabla ya kuingiza koleo au kidole, hata kama swichi imezimwa.

*Inamfaa nani.* Dawati linalotoa mamia ya mabunda yanayofanana, ya karatasi 10 hadi 50, ambako usawa wa pini unaonekana na wateja.

Pini ikikwama, na ikitakiwa kung'olewa

Kwa aina zote tatu utaratibu ni mmoja. Vuta kisukuma pini nyuma au fungua reli ili kuondoa shinikizo, toa mstari wote wa pini, kisha angalia mlango wa mbele kwa mwanga. Pini iliyokwama ing'olewe kwa koleo yenye mdomo mwembamba, ikivutwa kuelekea chini, njia ileile ambayo ingetokea. Kuisukuma kwa bisibisi kwenda juu huikaza zaidi na hukwangua ulimi. Rudisha pini, piga mara mbili kwenye karatasi taka 20, ndipo urudi kwenye kazi.

Pini zikikwama kila baada ya dakika chache, tatizo huwa ni pini zenyewe kabla ya mashine. Pini za 24 ndani ya reli ya 23 zinaonekana kukaa sawa, lakini waya wake ni mwembamba, na mlango uliopimwa kwa waya mnene unaruhusu mbili kusukumana. Vipande vifupi vya mstari uliovunjika navyo hugeuka ndani ya reli. Mistari mizima itumike kwanza, na vipande vya pini mbili tatu vitupwe bila huruma.

Kitoa pini kidogo cha taya mbili hakiwezi pini ya 23/13. Kitararua karatasi. Nyanyua miguu ya nyuma kwa kitu bapa hadi isimame wima, kisha vuta mgongo kutoka mbele kwa koleo. Kama hati zako hufunguliwa mara kwa mara ili zinakiliwe, nunua kitoa pini kirefu cha wenzo siku hiyohiyo unaponunua stepla.

Kujaribu kabla ya kulipa

Nenda na karatasi zako mwenyewe. Bana bunda lako la kila siku, kisha nene kabisa unalotarajia, kisha jembamba kabisa, ukitumia pini inayostahili kila moja. Geuza nyuma kila mara. Miguu iwe na urefu sawa, imelala, haijapishana. Pitisha ukucha juu ya mgongo wa pini upande wa mbele: ukikwaruza, pini haikuzama vya kutosha. Shika karatasi ya kwanza na ya mwisho uzivute pande tofauti. Bunda likicheza, mguu ulikuwa mfupi. Tikisa pia kichwa cha mashine kushoto na kulia. Kikicheza kikiwa kipya, baada ya miezi kadhaa pini haitakuwa inaangukia kwenye vijishimo vya bamba.

Kwa hali yako

Ukibana karatasi 100 hadi 200 mara chache kwa wiki, chukua ya mpini mrefu yenye kizuizi cha karatasi, pamoja na boksi za pini za urefu mbili: ya bunda la kawaida na ya nene.

Ukibana karatasi 30 hadi 50 kutwa nzima peke yako, ya kubonyeza kirahisi itakutosha, na ikiwa na mkunjo bapa makabati yako yatashukuru.

Ukiwa na msimu wa mabunda 500 yanayolingana, kama mitihani au vitabu vya semina, ya umeme inastahili, mradi bunda lisifike ukomo wa mashine. Weka ya mkono kabatini kwa ajili ya siku umeme ukikatika.

Unene ukibadilika kila saa, leo 15, baadaye 80, tafuta inayokata ziada ya mguu. Usipoipata, stepla mbili za bei ya wastani, ndogo na kubwa, zinashinda moja ya bei ghali.

Kama kuna watu wengi wanaoitumia bila msimamizi, chagua ile ambayo pini zake zinauzwa kila mahali na ubandike aina ya pini juu ya mashine kwa maandishi makubwa, la sivyo mtu ataitia 24/6.

Bunda likizidi sentimita 2 mara kwa mara, acha stepla. Toboa matundu mawili kwa mashine ya kutoboa, karatasi 30 au 40 kwa zamu, na ufunge kwa utepe wa faili wa chuma au plastiki. Utaweza pia kuongeza ukurasa baadaye bila kurarua kitu.